Wasikilize waliobaki: jibu kwa mtu wa Tanga aliye Louisville

"Shikamoo mzee. Mimi ni mtu wa Tanga, ila mwaka wa tano sasa niko Louisville, Kentucky, nafanya kazi ghala la mizigo zamu ya usiku. Wenzangu watatu kazini ni wafuasi wa Grateful Dead, bendi ya zamani ya huku. Kila mapumziko ni ubishi kama wa Simba na Yanga: mmoja anasema bendi ilikufa 1973 alipofariki Pigpen, wa pili anasema 1990 alipofariki mpiga kinanda Brent, wa tatu anasema 1995. Tena wanadai kiti cha kinanda kina laana. Wamenijazia simu rekodi za maonyesho, nyingine wimbo mmoja dakika ishirini na tano. Nazipenda, lakini baada ya dakika kumi napotea, sijui nasikiliza nini. Kuchukua rekodi hizi si wizi? Na sasa wanataka nichukue likizo bila malipo wiki tatu, tuifuate kwa gari bendi moja inayopiga nyimbo hizo, mji hadi mji. Mke wangu anasema nimerogwa. Mwezi uliopita tulikwenda onyesho moja tu, masikio yakalia siku mbili. Baba alikuwa shabiki wa Jamhuri Jazz. Akisikia haya atacheka. Nishauri."

Marahaba, mwanangu. Baba asicheke sana. Mtu aliyeishabikia Jamhuri Jazz anajua vizuri habari ya bendi kupoteza watu. Ndugu wawili, Wilson Peter na George Peter Kinyonga, walitoka humo, wakapitia Arusha, mwaka 1971 wakavuka kwenda Kenya na kuanzisha Simba Wanyika. Mwaka 1978 wao nao wakakimbiwa, waliokimbia wakaunda Les Wanyika, na miaka michache baadaye ikatoka Super Wanyika Stars ya Issa Juma. Mpigie simu baba yako umuulize Wanyika ya kweli ilikuwa ipi. Weka chaji ya kutosha.

Umeuliza mambo mengi, lakini naona yamebebana. Unataka kujua bendi ni nini hasa, ikiwa watu wake wanaondoka na jina linabaki. Ukishalielewa hilo utajua usikilize nini kwenye zile dakika ishirini na tano, na utajua pia kama inafaa kuchoma likizo yako barabarani.

Nianze na kitu ambacho wenzako hawawezi kukiona, kwa sababu hawakukulia kwetu. Nilipokuwa nikipiga gitaa la rithimu Dar es Salaam, swali la kwanza kuhusu bendi yoyote lilikuwa: nani mwenye vyombo? NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ikaja kuwa ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Kwingine mwenye vyombo alikuwa mfanyabiashara mmoja na baa yake. Mpigaji alikuwa mwajiriwa, na mwajiriwa huhama. Ndiyo maana mwaka 1985 mwenye Orchestra Safari Sound alipotaka bendi mpya yenye nguvu, aliwaendea tu watu wa Mlimani Park, ndiyo Sikinde, marehemu Muhiddin Gurumo akiwa mmojawapo, wakahama naye. Mashabiki wakahama nao au wakabaki, na ligi ikaendelea.

Grateful Dead haikuwa hivyo. Ilianza Palo Alto, California, mwaka 1965 kwa jina la Warlocks, vijana watano: Jerry Garcia gitaa la solo, Bob Weir rithimu, Ron McKernan (huyo ndiye Pigpen) kinanda, harmonika na sauti, Phil Lesh besi (alimpokea mpiga besi wa kwanza mwaka huohuo), na Bill Kreutzmann ngoma. Vyombo vilikuwa vyao, ofisi yao, na mwaka 1973 walianzisha hata kampuni yao ya kutoa sahani za muziki. Hakukuwa na mwenye baa wa kumfukuza mtu, wala tajiri wa jirani wa kumnyakua. Katika miaka thelathini Garcia, Weir, Lesh na Kreutzmann hawakuhama. Wengine waliondoka kwa ugonjwa, kwa kifo, kwa kuchoka au kwa aibu. Aibu nayo ilikuwepo: Mickey Hart, mpiga ngoma wa pili aliyeingia 1967, alijitoa Februari 1971 kwa sababu baba yake mzazi, aliyekuwa meneja, alitoroka na fedha za bendi. Mzee huyo alikuja kukamatwa na kufungwa. Hakuna aliyemfukuza Hart. Alishindwa kuwatazama wenzake usoni, na hakurudi jukwaani hadi Oktoba 1974.

Kwa hiyo usibebe ramani ya dansi letu ukaitumia huko. Kwetu ukisikia mtu katoka, unauliza amechukuliwa na nani. Kwa hawa swali hilo halina kazi. Cha kuuliza ni jinsi walewale waliobaki walivyoanza kupiga baada ya hapo.

Sasa hiyo laana. Naifahamu hadithi, na nakiri inavutia ukiisimulia usiku wa manane ghalani. Pigpen alifariki Machi 1973, umri miaka 27, akitokwa damu tumboni baada ya miaka ya kunywa kupita kiasi. Keith Godchaux, aliyeingia Oktoba 1971, alifariki kwa ajali ya gari Julai 1980. Brent Mydland alifariki Julai 1990 kwa kuzidisha dawa za kulevya. Vince Welnick, wa mwisho kukikalia kiti, alifariki 2006. Ukiwapanga hivyo, nywele zinasimama. Lakini angalia wanaoachwa nje ya hadithi. Tom Constanten alipiga nao kuanzia mwishoni mwa 1968, akaondoka Januari 1970 na kuendelea na muziki wake mwingine kwa miongo kadhaa. Bruce Hornsby alisaidia kinanda kuanzia 1990 hadi 1992, akatoka kwa miguu yake kurudi kwenye kazi yake iliyokuwa tayari na jina. Godchaux alikuwa ameshaiacha bendi zaidi ya mwaka mzima alipopata ajali, na Welnick alifariki miaka kumi na moja baada ya bendi kufungwa. Kinachobaki ukitoa hao ni pombe na unga, na hivyo havikubagua kiti: Garcia mwenyewe, ambaye hakuwa mpiga kinanda, alifariki tarehe 9 Agosti 1995 kwa shambulio la moyo, siku nane baada ya kutimiza miaka 53, akiwa katika kituo cha kuachisha watu dawa. Maisha ya barabarani yalimpata yeyote ambaye hakuwa na breki. Kwetu vilevile nimewazika wenzangu kadhaa, na hatukuwahi kusema gitaa la pili lina jini.

Twende kwenye muziki, ambako ndiko ulikopotea.

Sikio lako limefunzwa na dansi, hata kama hukujua linafunzwa. Wimbo wa dansi una sehemu ya kuimba, beti na kiitikio, halafu linakuja chemko. Katika chemko kila gitaa lina msitari wake mfupi unaojirudia: rithimu anakata, second solo (gitaa la pili) anajibu, besi anapiga na kunyamaza mahali palepale kila mzunguko, na mpiga solo peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kutembea. Raha yake ni jinsi misitari hiyo inavyofumana kama ukili. Na kwa sababu kila mtu ana msitari unaojulikana, second solo akihama Jumanne, anatafutwa kijana mwenye sikio zuri, anakariri, na Ijumaa dansi linapigwa. Nimewahi kuwa kijana huyo. Watu walicheza, na nusu yao hawakugundua.

Grateful Dead wakitoka kwenye beti hakuna mwenye msitari wa kurudia. Lesh alijifunza besi baada ya kuingia kwenye bendi. Kabla yake alikuwa mpiga tarumbeta aliyesomea utunzi. Basi hakai chini kushikilia nyumba kama mpiga besi wa kawaida, bali anazunguka na kubishana na solo. Weir hapigi rithimu ya kukata. Anadondosha vipande vya kodi (chord, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja), namna aliyoiiga kwa mkono wa kushoto wa mpiga piano wa jazi McCoy Tyner. Garcia anasema sentensi, Lesh anaipinga, Weir anatia neno katikati, na mpiga ngoma anaamua kama wageuke au waendelee. Hayo ni mazungumzo ya kibarazani yenye wazungumzaji watano. Ndiyo maana unapotea: unangoja msitari ujirudie ili ushike pa kusimama, na haurudi.

Nikupe pa kusimama. Usimfuate Garcia, kila mtu anamfuata Garcia. Chagua rekodi moja na msikilize Weir peke yake kwa dakika kumi, kama unavyomfuata mchezaji mmoja uwanjani hata asipokuwa na mpira. Kesho yake msikilize Lesh kwenye rekodi ileile. Baada ya siku nne au tano utajikuta umo ndani na hukumbuki uliingilia mlango gani.

Sasa unaona kwa nini mtu mmoja akibadilika katika bendi ya namna hii, kila kitu kinabadilika. Hakuna msitari wa kukariri. Anayeingia anakuta baraza lenye mazungumzo, na akiketi tu wengine wote wanasogea. Hapo ndipo wenzako wanapokosea katika ubishi wao. Wanamsikiliza aliyeingia wakimlinganisha na aliyetoka. Wewe wasikilize waliobaki.

Hart alipoondoka 1971, Kreutzmann alibaki peke yake na ngoma. Mpiga ngoma mmoja ni baiskeli: wazo linapomjia anakata kona saa hiyohiyo, hamuulizi mtu. Sikiliza 1972 hadi 1974 utasikia bendi inapenya vichochoro vyembamba, nyepesi, karibu kuwa jazi. Waliporudi barabarani 1976 Hart akiwa ndani, ngoma mbili zikawa basi la mkoani. Lina nguvu, linabeba abiria wengi, likishika barabara iliyonyooka hakuna mfano, lakini kona lazima wawili wakubaliane kwanza. Onyesho la Cornell la tarehe 8 Mei 1977, ambalo naamini wenzako wameshakutajia mara mia, ndilo basi hilo likiwa na injini mpya. Mimi ni mtu wa baiskeli. Nakuambia mapema ili usije ukadhani ninachosema ni sheria.

Kinanda ni hivyohivyo. Godchaux alipiga piano, na piano sauti yake huzaliwa na kuanza kufa papo hapo, hivyo inaacha nafasi. Magitaa yanapumua katikati yake. Mydland alipoingia Aprili 1979 alileta ogani ya Hammond. Ogani sauti haifi mpaka uinue kidole. Ghafla zile nafasi zikajaa, na Garcia na Weir wakalazimika kutafuta mahali pengine pa kusimama, mmoja juu zaidi, mwingine kwa kelele kavu zaidi. Juu ya hapo Mydland alikuwa na koo, wakati Donna Jean Godchaux, mke wa Keith, aliyekuwa akiimba nao tangu 1972, alikuwa ameondoka pamoja na mumewe. Kwa hiyo mabadiliko ya 1979 yalikuwa mawili kwa siku moja, sauti ya mwanamke ikatoka na ukuta wa ogani ukaingia. Mwenzako wa pili, yule wa 1990, masikio yake yalijengwa ndani ya ukuta huo. Wa kwanza, wa Pigpen, anapenda bluzi, na aliyeimba bluzi ya kweli kwenye bendi ile alikuwa Pigpen. Kila mmoja anakutajia mwaka ambao sikio lake lilifiwa. Hawadanganyi, ila wanazungumzia misiba mitatu tofauti.

Na kuna mabadiliko ambayo hata orodha ya majina haiyaonyeshi. Julai 1986 Garcia alizimia kwa kisukari, akakaa siku kadhaa bila fahamu, na alipoamka ikabidi ajifunze gitaa upya, rafiki yake mpiga kinanda Merl Saunders akimsaidia. Desemba mwaka huohuo alikuwa jukwaani. Jina lilelile, vidole vilevile, lakini Garcia wa 1977 na wa 1987 mimi nawahesabu kuwa wapigaji wawili. Au chukua Giza, Misri, Septemba 1978, walipopiga usiku tatu chini ya mapiramidi. Kreutzmann alikuwa amevunjika kifundo cha mkono, akapiga kwa mkono mmoja. Piano ya Godchaux haikuwa imesawazishwa. Bendi ileile kabisa kwa majina, na wao wenyewe hawakuridhika na walichorekodi. Sahani rasmi ilitoka 2008 tu. Lakini humo kuna kitu nataka ukisikie: Hamza El Din, Mnubi, anaimba na wenzake wakipiga makofi ya kwao, na bendi inaingia taratibu, mmoja mmoja, mpaka hujui Unubi umeishia wapi na California imeanzia wapi. Mchezeshe mkeo hapo, mtu wa pwani makofi yale hayatampa shida.

Kuhusu wizi. Hapana, si wizi, na hili limewekwa wazi kuliko unavyodhani. Mashabiki walikuwa wakirekodi kwa siri, bendi ikafumba macho, na Oktoba 1984 wakatengewa rasmi sehemu yao ukumbini ya kusimika vipaza sauti. Sharti lilikuwa moja: badilishaneni, msiuze. Watu walitumiana kaseti tupu na stempu kwa posta. Siku hizi ziko kwenye hifadhi ya intaneti ya archive.org, zilizorekodiwa na wasikilizaji unaweza kuzipakua, na zile zilizotoka moja kwa moja kwenye mashine za bendi nyingi ni za kusikiliza papo hapo tu. Usizipandishe wewe mahali zitakapoingiza matangazo na fedha, basi. Zile walizozitoa wenyewe kwenye sahani ni mali ya kawaida, nunua.

Usidhani ulikuwa ukarimu mtupu. Bendi hii sahani zake hazikuwa zikiuza sana, riziki ilikuwa mlangoni, kwenye kiingilio. Kila kaseti iliyozunguka ilikuwa mpiga debe asiyelipwa. Na kwa kuwa hawakurudia mpangilio wa nyimbo kati ya usiku mmoja na mwingine, aliyeisikia kaseti ya Jumatatu alikuwa na sababu ya kulipa Jumanne. Hivyo ndivyo alivyozaliwa shabiki anayefuata bendi mji hadi mji. Walipiga maonyesho zaidi ya 2,300 kwa miaka thelathini.

Barabara hiyohiyo ndiyo iliyowakaba. Mwaka 1974 walizunguka na mtambo wa spika walioubuni na fundi wao Owsley Stanley, ukuta wenye uzito wa tani 75 hivi uliosimama nyuma yao, kila chombo na spika zake, kila mwimbaji na vipaza sauti viwili vilivyounganishwa kinyume ili sauti ya ukuta ijifute na sauti ya koo ibaki. Iliwabidi wawe na majukwaa mawili: moja likitumika, jingine limeshatangulia mji unaofuata linafungwa. Ukuta huo ulisimama mjini kwako, Freedom Hall, Louisville, tarehe 18 Juni 1974. Rekodi ipo, waambie wenzako wakuwekee hiyo badala ya kubishana. Gharama na idadi ya watu wa kuwalipa vilikuwa vikubwa mno, Oktoba mwaka ule wakapiga usiku tano San Francisco wakasimama, zaidi ya mwaka mmoja na nusu bila ziara.

Halafu 1987 ikaja balaa ya kupendwa. Wimbo wao "Touch of Grey" uliingia kumi bora za Marekani, mara ya kwanza na ya mwisho kwao, na maelfu wakaanza kuja maegeshoni bila tiketi, kwa ajili ya gulio tu. Tarehe 2 Julai 1995 huko Indiana umati ulivunja uzio na kuingia kwa nguvu; onyesho la kesho yake likafutwa. Wiki moja baadaye, 9 Julai, walipiga Soldier Field, Chicago, na hapo ndipo Garcia alipopanda jukwaani na bendi hiyo kwa mara ya mwisho. Desemba wenzake wakatangaza kuliacha jina. Baadaye walipopiga pamoja walijiita The Other Ones, The Dead, Furthur, Dead & Company; wakati wa kutimiza miaka hamsini, 2015, waliokuwa hai walikutana California na Chicago na gitaa la solo akashika Trey Anastasio. Lesh alifariki Oktoba 2024. Kama ningelazimishwa kuchagua kati ya wenzako watatu, ningesimama na yule wa 1995, kwa sababu wenye bendi wenyewe walisema hivyo kwa kuliacha jina. Wamiliki wa vyombo ndio wenye neno la mwisho. Huo ni uzee wangu wa Dar unaozungumza.

Sasa safari yako. Sitakuambia usiende, maana mimi mwenyewe niliwahi kuifuata bendi kutoka Dar hadi Moshi kwa basi la usiku, nauli ya kurudi sina. Lakini wiki tatu bila mshahara, petroli, vyumba na tiketi, kwa mtu mwenye familia na pengine wanaotegemea fedha zake Tanga, ni gharama usiyoihitaji kupata unachokitafuta. Bendi za namna hii zikikaa ukumbi mmoja usiku tatu, kwa kawaida hazirudii nyimbo. Mji mmoja, usiku tatu, ndio utaonja ziara: utasikia bendi hiyohiyo ikiwa imechoka, ikiwa imeamka, na ikiwa imejisahau. Nenda na mkeo. Akibaki nyumbani atayawaza mabaya kuliko yaliyopo, na akija ataona wazee wenye mvi wanauza fulana.

Ataona na mengine, nisikufiche. Gulio la maegeshoni lina chakula na nguo, lina na vitu vya kuvuta na kumeza, na lina watu wanaouza maputo ya gesi ya kuvuta, ambayo si mchezo wa watoto. Gesi hiyo imeangusha watu. Ukiona maputo ya njano kwenye meza ndani ya ukumbi wakati wa mapumziko, hayo ni mengine kabisa: ni alama ya Wharf Rats, mashabiki walioacha pombe na dawa, wanaokutana hapo ili kusindikizana mpaka onyesho liishe. Kama ulevi ni jambo linalokugusa, fikia kwenye meza hiyo.

Na hujaniambia karatasi zako za ukaazi zikoje, wala sikuulizi. Ila kama bado si raia, fahamu kwamba bangi inaruhusiwa katika baadhi ya majimbo lakini sheria ya serikali kuu ya Marekani haiitambui ruhusa hiyo, na mambo ya uhamiaji yanaamuliwa kwa sheria ya serikali kuu. Kukutwa nayo, au hata kukiri tu kuwa uliitumia, kunaweza kukuharibia maombi. Wenzako ni raia na hawana sababu ya kuliwaza hilo. Kabla ya kupanda gari lao na usiyoyajua yaliyomo kwenye buti, kaa na mwanasheria wa uhamiaji, ana kwa ana, nusu saa. Mwanasheria huyo, si fundi sherehani wa fomu mtaani.

La mwisho ndilo lililonifanya nikujibu wewe kabla ya barua nyingine. Masikio kulia siku mbili. Ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vidogo vinavyotikiswa na sauti. Zikipigwa sana hulegea, zikipigwa zaidi hufa, na zikifa hazioti tena. Kipimo kinachopendekezwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, ni kwamba sauti ya desibeli 85 sikio linaivumilia kwa muda wa saa nane, na kila zikiongezeka tatu muda unakatwa nusu. Ukifika desibeli 100, kiwango cha kawaida ukumbini, umebakiwa na dakika kumi na tano, na onyesho huchukua muda wa saa tatu. Wewe tena unatoka kwenye ghala lenye mashine usiku kucha, kwa hiyo unaingia ukumbini masikio yakiwa yameshatumia sehemu ya posho yao. Mimi sikio langu la kushoto, lililokuwa upande wa matoazi, halisikii panzi tangu zamani.

Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, vile vinavyopunguza sauti yote kwa usawa badala ya kuifanya iwe kama imefunikwa blanketi. Simama mbali na spika, toka nje kila baada ya muda. Na kabla ya kukata tiketi yoyote nenda kwa daktari wa masikio upimwe usikivu, ili siku za mbele ujue ulianzia wapi. Ukiona mlio umerudi na hauondoki, au watu wanaongea na wewe unasikia irabu tu bila konsonanti, usisubiri miadi ya mbali. Na ikitokea sikio moja limezima ghafla, hata kama haliumi, hiyo ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo: kuna dawa inayosaidia, lakini inafanya kazi vizuri ikianza mapema, na wengi huipoteza nafasi hiyo wakidhani ni nta.